Wanafunzi wa Darasa Moja: Kidato cha Nne cha 1975 katika Njombe na Makambako

Historia ya nchi aghalabu huandikwa kwa majina ya viongozi na kwa tarehe za sheria. Iko njia nyingine ya kuiandika, nayo ni kuchukua darasa moja la shule na kulifuata tangu siku ya mtihani wa mwisho mpaka siku ya barua ya kustaafu. Darasa ni kipimo chema cha mambo ya dunia. Walioketi humo walikuwa karibu sawa kwa umri, walikula ugali na maharage ya sufuria moja, walifundishwa na mwalimu mmoja, na walijibu maswali ya karatasi moja. Wakitengana baadaye, mmoja akawa bwana na mwingine akawa maskini, sababu yake haiwezi kuwa akili peke yake. Yapasa itafutwe pia nje ya darasa: katika reli na barabara, katika bei ya mahindi, katika vita na maradhi, na katika amri zilizotiwa sahihi mbali na shule.

Katika nyanda za juu za kusini hapana darasa lifaalo zaidi kwa kipimo hiki kuliko lile la waliomaliza Kidato cha Nne mwaka wa 1975. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa 1957 alikuwa na miaka 18 mwaka huo. Mwaka wa 2012 alitimiza miaka 55, umri wa kustaafu kwa hiari. Na mwaka wa 2017 alitimiza 60, umri wa kustaafu kwa lazima. Tarehe hizi tatu ziliangukia juu ya mambo makubwa ya nchi ile. Mwezi wa Juni 1975 reli ya Tanzania na Zambia, iliyopita Makambako, ilikamilika kuungwa. Machi 2012 Njombe ilimegwa kutoka Iringa ikawa mkoa. Na mwaka wa 2017 ulikuwa wa mwisho kabla mifuko ya pensheni haijaunganishwa na fedha za wazee hazijawa neno la kugombaniwa hadharani.

Ili kuyajua maisha ya vijana hao yafaa kwanza kuwatazama baba zao. Kabla ya uhuru, kijana wa Kibena aliyetaka fedha ya kodi, ya mahari au ya shuka alikuwa na njia chache. Iliyokuwa kubwa ilikuwa kwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Wakusanyaji wa vibarua waliijua Njombe vizuri, na malori yaliwapeleka watu safari ya siku nyingi kutoka baridi mpaka joto la pwani. Wengine walirudi na baiskeli na sanduku la bati. Wengine hawakurudi, wakazaa Muheza na Korogwe watoto wasiojua Kibena. Mwaka wa 1949 ilianzishwa karibu na mji wa Njombe kampuni ya miwati, iliyopanda miti kwa ajili ya maganda yake yatoayo dawa ya kulainisha ngozi. Tangu hapo kibarua kilipatikana karibu na nyumbani, lakini kilikuwa kibarua vilevile. Penye misheni, kwa Walutheri wa Kidugala na Ilembula na kwa Wabenediktini wa Uwemba, palikuwa na njia ya tatu: kalamu. Baba aliyekwisha kukata mkonge kwa miaka sita alijua tofauti ya jembe na kalamu kuliko mhubiri yeyote.

Nafasi za kalamu zilikuwa haba. Katika kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, kilichotolewa Machi 1967, Mwalimu Nyerere aliandika kwamba mwaka wa 1961 nchi nzima ya Tanganyika ilikuwa na wanafunzi 11,832 wa sekondari, na kati yao 176 tu ndio waliokuwa Kidato cha Sita. Mwaka wa 1967 idadi ilikuwa imepanda kufika 25,000 hivi, na Kidato cha Sita 830. Hata hivyo, yeye mwenyewe alikiri kuwa katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, kiasi cha 13 tu ndio wangepata nafasi ya sekondari. Watoto wa 1957 walikuwa darasa la pili au la tatu maneno hayo yalipochapwa. Walipofanya mtihani wa darasa la saba, mwisho wa 1971, mlango ulikuwa ungali mwembamba. Kwa hiyo kila aliyeingia Kidato cha Kwanza, Njombe au Malangali, alikuwa amekwisha kuwaacha nyuma wenzake wengi kijijini, na kijiji kilimjua kwa jina. Wazee walikuwa wakimwita msomi kabla hajajifunza hesabu za aljebra.

Miaka minne ya bweni ilikuwa ya baridi kali na jembe. Shule za wakati ule zilikuwa na mashamba, ng'ombe na nguruwe, kwa kuwa kujitegemea kulikuwa amri. Yapo maneno mengi yaliyosemwa juu ya mashamba hayo, ya sifa na ya kejeli. Kwa watoto wa Njombe, waliozaliwa katika kulima, jembe halikuwa somo jipya. Jipya lilikuwa kuambiwa kwamba msomi naye hana budi kulima. Wengi walilisikia neno hilo, wakaitikia, na mioyoni mwao wakangoja mtihani.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa taifa. Karatasi za Cambridge zilikuwa zimeachwa, na Baraza la Mitihani la Taifa, lililoundwa mwaka wa 1973, ndilo lililotoa maswali. Mwanafunzi alijaza fomu ya kuchagua: Kidato cha Tano, au ualimu, au uganga na uuguzi, au kilimo, au ufundi. Yeye alichagua, lakini serikali ndiyo iliyompanga, kwa hesabu ya watu waliotakiwa katika kila kazi. Jambo hili ni gumu kuelewa kwa kijana wa leo anayezunguka na bahasha ya vyeti. Mwaka wa 1975 kazi ilimtafuta mtu. Aliyefaulu kwa kiasi cha kati hakuulizwa kama ana mjomba ofisini. Jina lake lilisomwa katika orodha, akapewa hati ya safari, akapanda basi. Hapo darasa likavunjika makundi matano au sita, na kila kundi likashika njia yake.

Kundi dogo kuliko yote lilikwenda Kidato cha Tano, Mkwawa katika Iringa au mbali zaidi. Kwa desturi ya zamani hao wangetoka Kidato cha Sita wakaingia Chuo Kikuu moja kwa moja. Lakini Novemba 1974, katika Azimio la Musoma, chama kilikuwa kimekata shauri kuwa kijana amalize Kidato cha Sita, aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi si chini ya miaka miwili, ndipo aombe nafasi ya chuo kwa kibali cha wale aliofanya nao kazi. Shabaha ilikuwa kuondoa kiburi. Matokeo mengine hayakutazamiwa: wasichana walipungua chuoni, kwa kuwa miaka ile ya kungoja iliwakuta waume na watoto, na haikuchukua muda mrefu sharti likaondolewa kwa wanawake. Kwa wavulana lilibaki. Wenye cheti cha Kidato cha Sita walikuwa wangali katika makambi au katika kazi zao za kwanza wakati majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, mwisho wa Oktoba 1978. Vijana wa nyanda za juu waliozoea umande wa Mafinga wakajikuta wanavuka mito ya Uganda. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Waliorudi salama waliingia chuoni wamechelewa, wakiwa watu wazima, na hawakupenda sana kusimulia.

Kundi kubwa lilikwenda ualimu. Hapa tena amri ya Musoma ndiyo iliyowapeleka, kwa kuwa azimio lilelile liliagiza kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Madarasa yalijengwa kwa tofali za udongo na nyasi. Walimu hawakuweza kufinyangwa kwa udongo. Vijana wa Kidato cha Nne walifundishwa miaka miwili, wakawa walimu wa daraja la A, wakatawanywa katika vijiji vipya vya ujamaa. Kijiji chenyewe kilikuwa kimehamishwa juzi tu. Mwalimu wa miaka 20 alikuta nyumba hazijaezekwa, watu wenye uchungu wa mashamba waliyoyaacha, na watoto 80 katika chumba kimoja, wengine wakubwa karibu kama yeye. Alifundisha asubuhi watoto, na jioni wazee wa kisomo. Aliandika barua za kijiji kizima. Alikuwa karani wa mkutano, mweka hazina wa duka la ushirika, na mshitakiwa wa kwanza duka lilipopungukiwa. Wanaotaka kujua kwa nini wazee wengi wa Njombe wenye umri wa miaka 50 na zaidi wanajua kusoma, na wakatafuta jibu katika takwimu za wizara, wangefanya vyema kuwatafuta kwanza walimu hawa.

Kundi la tatu lilikwenda reli, na hili ndilo lililoonewa wivu.

Mapatano ya kujenga reli yalitiwa sahihi Peking mwezi wa Septemba 1967. China ilikopesha yuan milioni 988 bila riba, na kazi ikaanza mwaka wa 1970. Njia nzima, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilikuwa na urefu wa kilomita 1,860, lakini kipande kilichowatesa wajenzi kuliko vyote kilikuwa kati ya Mlimba na Makambako. Hapo reli hupanda kutoka bonde la Kilombero mpaka uwanda wa juu kwa kupasua milima, daraja baada ya daraja na shimo baada ya shimo. Wanafunzi wa 1975 walikuwa Kidato cha Kwanza na cha Pili wakati Wachina na Watanzania walipokuwa wakipasua miamba hiyo, na ndugu zao wengi walikuwa humo, wakibeba mataruma. Reli ilipotokeza juu, Makambako ilikuwa kijiji cha upepo kando ya barabara kuu ya Zambia. Kuanzia siku hiyo ilikuwa njia panda ya mambo matatu: lami iendayo Mbeya, reli iendayo Kapiri Mposhi, na barabara ya vumbi ishukayo Njombe, kilomita 60 hivi, na kuendelea mpaka Songea.

Reli ilikabidhiwa rasmi kwa serikali mbili tarehe 14 Julai 1976, miezi michache baada ya matokeo ya mtihani. Ilihitaji wakuu wa stesheni, makarani wa mizigo, watu wa ishara na wa simu, mafundi wa injini. Vijana waliotangulia, kiasi cha 200 kutoka Tanzania na Zambia, walikuwa wamepelekwa Peking kusomea kazi za reli tangu 1972. Wa 1975 walifundishwa karibu zaidi, wengine huko Mpika katika Zambia. Walirudi na kofia, filimbi, saa ya mkononi na nyumba ya shirika. Mkuu wa stesheni ndogo aliijua dakika ya kuja kwa treni, na kwa hiyo watu waliamini kwamba ajua na mambo mengine. Mahari yake ilitajwa kwa sauti kubwa zaidi.

Wengine walikwenda benki, wengine posta, wengine jeshi, wengine seminari na chuo cha uuguzi. Hao waweza kupitwa haraka, si kwa kuwa kazi zao zilikuwa duni, bali kwa kuwa mwendo wao ulifanana na wa walimu: barua ya ajira, uhamisho, kupandishwa cheo pole pole, na picha ya Rais ukutani.

Wakabaki waliokosa. Katika darasa lolote wako waliopata alama zisizofungua mlango, na wako wasichana waliofukuzwa kabla ya mtihani kwa sababu ya mimba, ambao majina yao hayakuandikwa katika orodha yoyote. Yafaa kusema wazi kuwa mvulana aliyehusika aliendelea na masomo, na mara nyingi akafaulu. Amri ya kuwaruhusu wasichana warudi shuleni ilitolewa Novemba 2021. Msichana wa 1975 alikuwa bibi mwenye wajukuu wakati huo.

Wavulana waliokosa walirudi shambani, wakaona aibu mwaka mmoja au miwili, kisha wengine wakaenda Makambako. Hawakwenda kwa shauri kubwa. Palikuwa na malori yaliyosimama usiku, na abiria wa treni waliotaka chai. Kijana aliuza mayai, viazi vya kuchemsha, ulanzi kwa wapenda ulanzi. Kisha magunia ya mkaa. Kisha magunia ya mahindi. Serikali wakati ule ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na bei hiyo iliwafaa sana watu wa nyanda za juu walio mbali na soko kuu. Mbolea ilifika kwa bei nafuu, na Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa ghala la taifa. Biashara ya mahindi ya mtu binafsi ilikuwa marufuku au karibu na marufuku, kwa hiyo ilifanyika usiku. Kijana wa Makambako alijifunza hesabu ambayo haikuwa katika silabasi: kima cha rushwa kwa gunia, idadi ya vizuizi mpaka Mbeya, na siku ambayo askari fulani hayuko zamu.

Kisha ikaja miaka ya njaa ya vitu. Baada ya vita hazina ilikuwa tupu; mafuta yalipanda bei; sabuni, sukari na khanga zikawa habari za kunong'onezana. Mwaka wa 1983 ilitangazwa vita juu ya wahujumu uchumi, na kule Makambako, kama kwingineko, watu walifukia bidhaa au kuzitupa kwa hofu. Mwalimu wa daraja la A aliyekuwa amemhurumia mwenzake muuza mayai aliona mambo mawili kwa pamoja. Mshahara wake ulikuwa haununui kitu, na kitu chenyewe, kikipatikana, kilikuwa kwa muuza mayai. Ndipo walimu wengi walipoanza kulima kwa bidii kuliko walivyolima shuleni. Shamba lililokuwa adhabu likawa ndilo mshahara.

Katika miaka hiyohiyo mambo mawili mengine yalitokea ambayo yaliwagusa watu hawa kama wazazi. La kwanza ni Tume ya Rais ya Elimu, iliyotoa taarifa yake mwaka wa 1982. Mwenyekiti wake alikuwa Jackson Makwetta, mbunge wa Njombe Kaskazini kwa miaka mingi, aliyefariki Novemba 2012. La pili, lililofuatana nalo, ni shule za sekondari zilizojengwa na wananchi. Wilaya ya Njombe ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia: vijiji vilichanga, makanisa yalichanga, mfuko wa maendeleo wa wilaya ukakusanya. Waliosimamia michango hiyo vijijini walikuwa mara nyingi watu wa kundi hili hili, waliokuwa sasa na miaka 30 na watoto wa darasa la tatu. Wao walikuwa wamepita katika mlango mwembamba na walijua upana wake kwa kipimo cha mabega yao. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 barabara ya Makambako mpaka Songea nayo ilitiwa lami kwa msaada wa Uingereza, na safari ya Njombe iliyokuwa ya siku nzima wakati wa masika ikawa ya saa moja na zaidi kidogo.

Mwaka wa 1986 nchi ilipatana na Shirika la Fedha la Dunia. Maneno ya mapatano yalikuwa ya wataalamu, lakini maana yake ilifika Njombe kwa njia iliyoeleweka: ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua, bei moja ya mahindi ikafa, na mashirika ya umma yakaanza kupimwa kwa faida. Mwaka wa 1992 iliundwa tume ya kuyabadili mashirika hayo. Mwaka wa 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa. Makumi ya maelfu ya watumishi wa serikali walipunguzwa kazini katika miaka hiyo ya 1990. Wanafunzi wa 1975 walikuwa na umri wa miaka 35 mpaka 40. Ni umri mbaya wa kupunguzwa. Mtu ni mzee mno kuanza upya, na kijana mno kupumzika. Karani wa benki alipewa kiinua mgongo akanunua basi dogo kuukuu. Basi likala kiinua mgongo. Reli nayo ilishuka. Ilikuwa imebeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka katika siku zake njema, lakini Afrika ya Kusini ilipokuwa huru mizigo ya Zambia ilipata njia nyingine, na malori yalishindana nayo katika njia yake yenyewe. Mwaka wa 2014/15 ilibeba tani 88,000 tu. Mkuu wa stesheni aliyeonewa wivu mwaka wa 1977 alimaliza kazi yake akingoja treni, na tena akingoja mshahara.

Lakini hayo yote ni mambo ya fedha, na liko jambo lililozidi fedha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka wa 1983. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa na serikali kwa watu wote mwaka wa 2004. Aliyezaliwa mwaka wa 1957 alikuwa na miaka 26 maradhi yalipoanza kujulikana, na 47 dawa ilipofika. Maana yake ni kwamba miaka yote ya nguvu zake, ya ndoa, ya safari na ya uhamisho, aliipita bila kinga na bila tiba. Hapana kizazi kingine katika nchi ile ambacho maisha yake yaliingiana hivyo, mwanzo kwa mwisho, na miaka ya hatari. Na Njombe iliumia kuliko mikoa yote. Uchunguzi wa mwaka 2011/12 ulionyesha kuwa watu wazima 14.8 katika kila 100 wa mkoa huo wana virusi, hali wastani wa nchi ulikuwa 5.1. Uchunguzi wa 2016/17 ulikuta 11.4, na Njombe ikabaki ya kwanza. Wataalamu hutaja safari za vibarua, njia kuu, pombe, na uchache wa tohara. Kila sababu ina ushahidi wake, na tatu kati ya hizo zilikutana Makambako. Si haki, hata hivyo, kuitwika njia panda dhambi yote. Walimu wa vijiji vya ndani, ambao hawakuona lori kwa mwezi mzima, walikufa vilevile.

Kwa hiyo anayetaka kuhesabu nani alifaulu na nani alishindwa katika darasa la 1975 hana budi kuanza kwa kuuliza nani alibaki hai. Picha za darasa za miaka ile zipo majumbani, vijana wamesimama safu tatu na mwalimu ameketi katikati. Wenye picha hizo huzionyesha kwa kidole, wakirukaruka nyuso. Miaka ya 1990 mazishi yalikuwa ndiyo mikutano ya wanafunzi wa zamani. Waliokutana kaburini waligawana watoto: huyu achukue mmoja, yule achukue wawili. Mwalimu mwenye mshahara wa kulisha watoto wanne alilisha tisa, na jambo hilo halikuandikwa katika faili lake la utumishi.

Wanawake wa kizazi hicho walistahimili zaidi ya wanaume, na historia yao imeandikwa kidogo zaidi. Njombe imetoa mwanamke mmoja anayejulikana na kila Mtanzania, Anne Makinda, aliyezaliwa mwaka wa 1949, akaingia Bungeni mwaka wa 1975, mwaka uleule wa darasa hili. Akawa Spika wa kwanza mwanamke tangu 2010 mpaka 2015. Hata alipoacha siasa hakupumzika. Mwaka wa 2022 alikuwa Kamisaa wa Sensa. Mfano wake hutajwa mashuleni, na ni haki utajwe. Lakini wenzake wadogo wa 1975, wauguzi wa Ilembula na walimu wa Lupembe, hawakuwa na Bunge la kuwashangilia. Waliuguza waume, wakawazika, wakagombana na mashemeji juu ya shamba, wakasomesha watoto, na kesho yake wakaingia kazini saa moja na nusu.

Liko neno linalopendwa katika vilabu na mabasi ya Makambako, kwamba waliofeli ndio walioajiri waliofaulu. Neno hilo linapendeza kwa kuwa linageuza dunia juu chini, na hapana shaka wako watu ambao lawahusu: wenye maghala, vituo vya mafuta, nyumba za wageni, malori ya mbao. Ila ni neno la nusu. Aliyefaulu katika biashara alitumia hesabu na kalamu alizopata katika bweni lilelile, na pengine mkopo wa kwanza aliupata kwa kaka yake mwalimu. Tena, walioshindwa katika biashara hawatajwi. Kwa kila muuza mayai aliyejenga ghorofa wako kumi waliofilisiwa na kizuizi kimoja cha barabarani, wakarudi shambani kimya. Mwalimu aliyeshindwa huonekana, maana amesimama mbele ya watu; mfanyabiashara aliyeshindwa hutoweka. Ndiyo maana Makambako yaonekana kama mji wa washindi.

Kustaafu kulifika. Kwa mwalimu aliyefika miaka 60 mwaka wa 2017 kanuni ilikuwa ya zamani: nusu ya pensheni yake alilipwa kwa mkupuo, na nusu kila mwezi. Mwaka wa 2018 mifuko iliunganishwa, na kanuni mpya zikatangaza mkupuo wa 25 kwa mia. Watumishi walilalamika nchi nzima, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akasimamisha kanuni hizo. Julai 2022 ikaja kanuni nyingine, 33 kwa mia. Na mwaka wa 2024, baada ya malalamiko mengine, kima hicho kikapandishwa kufika 40 kwa watumishi waliokuwa na haki ya nusu hapo kwanza. Hesabu za mfuko zina ukweli wake: watu wanaishi zaidi, na fedha lazima zidumu. Lakini mkupuo ni kitu kingine kwa mtu wa Njombe. Ndio nyumba ambayo hakujenga alipokuwa katika nyumba ya shule. Ndio karo ya mjukuu yatima, na ndio shamba. Ndugu wawili, mmoja aliyezaliwa 1957 na mdogo wake wa 1963, walifundisha shule moja kwa mshahara mmoja. Wa kwanza aliondoka na nusu, wa pili akaondoka na theluthi. Hapana aliyeweza kumweleza mdogo huyo kosa lake zaidi ya kuchelewa kuzaliwa. Isitoshe, umri wenyewe ulikuwa wa karatasi. Wengi wa darasa hilo waliandikiwa mwaka wa kuzaliwa na mwalimu mkuu siku ya kwanza ya shule, kwa kukadiria urefu. Kalamu ya mwaka wa 1965 ilikata shauri la fedha za 2018.

Waliokuwa na busara hawakungoja barua. Tangu mwanzo wa karne hii milima ya Njombe, iliyokuwa na majani matupu, imefunikwa na misonobari ambayo watu huiita paina. Mwalimu alinunua ekari mbili, muuguzi ekari moja, mtu wa reli kipande alichopewa na ukoo. Miche ni rahisi, na kazi kubwa ni kufyeka na kulinda moto wa Septemba na Oktoba. Miti inayopandwa leo hukatwa baada ya miaka kumi na zaidi, wala haiulizi kanuni ya mfuko. Wengine wamepanda parachichi, ambazo huzaa mapema zaidi na hupelekwa ng'ambo. Wasiokuwa na ardhi, na hasa wale waliozeeka mijini kwa uhamisho, wamerudi na kukuta kila kilima kina mwenyewe.

Aliyepanda paina mwaka wa 2012, alipotimiza 55, ana miti ya kukata sasa. Huwaita wapasuaji na msumeno, mbao hupangwa kando ya njia zikauke, na lori huja kuzichukua. Zinapimwa Makambako, mwendo mfupi kutoka stesheni, na mnunuzi ni kijana ambaye baba yake yumo katika picha, safu ya nyuma. Kijana huamkia kwa heshima, kisha hushusha bei.